Shepu ya Mashine, Siri ya Moyoni: Laipo ya Mawimbi ya Sauti na Wadada wa Mara

Kuna mchezo ambao mastaa wa Bongo wanaucheza, mashabiki wanaujua, na kila mtu anajifanya hauoni. Staa wa kike anapotea mtandaoni wiki tatu. Hakuna posti, hakuna laivu, hata ule ugomvi wake wa kila Ijumaa na mpenzi wake wa zamani umepoa. Siku anarudi, kiuno ni cha nyigu, tumbo limelala, nguo imembana kama imeshonewa mwilini. Akiulizwa, jibu ni lile lile: maji ya limao, mazoezi, kuacha kula usiku na maombi. Wapambe wanashangilia. Anayethubutu kuuliza mara ya pili anaambiwa ana wivu. Baada ya wiki mbili staa huyo huyo anatangaza majani ya chai ya kupunguza tumbo, na mzigo unaisha siku hiyo hiyo.

Kwa watu wa mjini hiyo ni burudani. Wanacheka, wanapita. Shida inaanza pale uongo huo unapopanda basi kuja Kanda ya Ziwa. Muuza vitenge wa Nyasho pale Musoma, mwalimu wa Bunda, mama wa Butiama aliyezaa wanne na tumbo likagoma kurudi, wote wanatazama picha zile zile kwenye simu. Limao wameshakunywa mpaka vidonda vya tumbo vimeamka. Ugali wa usiku wameshaacha, jambo ambalo kwa mtu wa Mara si dogo hata kidogo. Kiuno hakikuja. Mwisho anatokea shoga mmoja anamnong'oneza: "Wewe unahangaika na limao, wenzako wananyonywa mafuta. Tena sasa kuna ile ya mawimbi ya sauti, haina hata kisu. Asubuhi unaingia, jioni unatoka."

Maneno hayo yana ukweli nusu. Ile nusu nyingine ndiyo inayopeleka watu kaburini, na inawapeleka kwa njia ambayo wanaopost picha hawaisemi.

Mashine yenyewe inafanya nini?

Kunyonya mafuta mwilini kwa bomba si jambo la jana. Katikati ya miaka ya 1970 daktari wa Italia, Giorgio Fischer, alikuwa tayari anafanya. Mwaka 1977 Mfaransa Yves-Gérard Illouz akaja na bomba butu lisilochana nyama ovyo. Miaka ya 1980 Mmarekani Jeffrey Klein akaonyesha kwamba ukijaza sehemu hiyo maji yenye dawa ya ganzi kabla ya kunyonya, damu inayopotea inapungua sana. Halafu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 Mwitaliano mwingine, Michele Zocchi, akaingiza mawimbi ya sauti. Hii ya mwisho ndiyo watu wanaiita laipo ya altrasaundi.

Inakwenda kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni maji. Daktari anatoboa vitundu vidogo kwenye ngozi, kisha anaingiza maji ya chumvi yaliyochanganywa na lidokaini, ambayo ni dawa ya ganzi, pamoja na adrenalini inayobana mishipa ya damu. Sehemu inavimba na kukaza kama puto lililojazwa maji.

Hatua ya pili ni mawimbi. Kupitia vitundu vile vile inaingia fimbo nyembamba ya titani. Ndani ya mpini wake kuna vipande vinavyogeuza umeme kuwa mtetemo, na ncha ya fimbo inatetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Mashine inayojulikana sana ya aina hii, VASER, inafika kama mara 36,000. Sikio la binadamu halisikii kitu. Lakini yale maji yaliyoingizwa yanatokwa na viputo vidogo sana vinavyovimba na kupasuka, vinavyopenya katikati ya seli za mafuta na kuzibandua kutoka kwenye nyuzi zinazozishikilia. Mafuta yaliyokuwa magumu yanalainika yanakuwa kama uji mwepesi.

Hatua ya tatu ni kunyonya. Bomba la chuma linaingia, linapelekwa mbele na nyuma chini ya ngozi, na uji ule unavutwa kwenye chupa.

Kwa hiyo ile "haina kisu" isikilizwe kwa makini. Kuna matundu, kuna fimbo inayotetemeka ndani ya mwili, kuna chuma kinachosukumwa kwa nguvu ya mkono wa daktari karibu kabisa na utumbo, na kuna dawa ya ganzi au usingizi. Huo ni upasuaji. Kovu kuwa dogo hakufanyi kazi iliyofanyika ndani kuwa ndogo.

Na hapo wengi wanachanganya vitu vitatu. Altrasaundi ya kliniki ya wajawazito, ile inayoonyesha mtoto, inatumia sauti ya aina hiyo ila kwa nguvu ndogo na kwa ajili ya picha tu. Mashine za saluni na spa zinazopitishwa juu ya ngozi huku mtu amepakwa jeli, haziingii mwilini na hazinyonyi chochote. Hii ya hospitali inaingia. Mtu akisema "mbona altrasaundi nilipigwa nikiwa na mimba na sikudhurika", anafananisha mtumbwi na meli kwa kuwa vyote vinaelea ziwani.

Faida zipo, zisifichwe. Mawimbi yanasaidia pale ambapo mafuta yamejishika na nyuzi ngumu: mgongoni, ubavuni, kwenye kifua cha mwanaume kilichoota kama titi, na sehemu iliyowahi kunyonywa zamani. Daktari hatumii nguvu nyingi kusukuma bomba, na mkononi mwa aliyefundishwa kazi hiyo, damu inayotoka huwa kidogo. Ndiyo maana mashine hizi zipo na zinanunuliwa. Tatizo ni pale tangazo linapomaliza hapo.

Moto wa fimbo na mengine yasiyopostiwa

Mtetemo wa namna hiyo huzaa joto. Fimbo ikikaa sehemu moja sekunde kadhaa zaidi, au maji yakiwa kidogo, au ncha ikigusa ngozi kwa ndani, mtu anaungua. Anaungua kutoka ndani kwenda nje, na kwa kuwa ana ganzi hapigi kelele. Mashine za mwanzo za miaka ya 1990 zilipata sifa mbaya kwa jambo hilo, na zilizofuata zikatengenezwa kwa nguvu ndogo na fimbo nyembamba zaidi. Hatari imepungua ila haijafutika, na zaidi ya mashine inategemea mkono ulioishika.

Kuna maji kujikusanya chini ya ngozi mpaka yatolewe kwa sindano. Kuna ganzi ya ngozi inayokaa miezi. Kuna mabonde na vilima, pale mafuta yalipotolewa mengi upande mmoja na machache upande mwingine. Kwa ngozi nyeusi kuna jingine: madoa yanayobaki meusi zaidi na makovu yanayonenepa. Mwenye asili ya makovu ya namna hiyo, ambaye alitoboa sikio likaota uvimbe, anapaswa kulisema hilo kabla hata hajaulizia bei.

Hayo ni ya sura. Ya uhai ni haya: damu kuganda kwenye mguu na kipande kukimbilia mapafuni, mafuta kuingia kwenye mshipa wa damu, bomba kutoboa utumbo, maambukizi, sumu ya dawa ya ganzi, maji kuzidi mwilini. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2000, uliokusanya taarifa za madaktari wa upasuaji wa urembo za kati ya 1994 na 1998, ulihesabu vifo 95 katika laipo 496,245, yaani kama kifo kimoja kwa kila watu 5,000 hivi. Kilichoua wengi kuliko vyote kilikuwa damu iliyoganda kukimbilia mapafuni. Kutobolewa viungo vya tumboni kulifuata.

Mtu atasema moja kwa 5,000 si kubwa. Kwa mgonjwa anayepigania uhai, hesabu hiyo inaweza kukubalika. Kwa mtu mzima wa afya aliyeingia kwa miguu yake kwa sababu ya gauni la harusi, ni hesabu ya kukaa nayo chini na kuitafakari. Tena hiyo ni laipo ya Marekani, iliyofanywa na madaktari wa fani hiyo, si ya chumba cha kupanga kilichobandikwa bango la "Beauty".

Majina makubwa hayakuokolewa na ukubwa wao. Oktoba 2005 Stella Obasanjo, mke wa rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki Hispania baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo. Mahakama ya huko ilikuja kumtia hatiani daktari wake mwaka 2009: bomba la kunyonyea mafuta lilipita pasipotakiwa, likaingia ndani ya tumbo na kujeruhi utumbo na ini. Novemba 2007 Donda West, mama mzazi wa mwanamuziki Kanye West, alifariki siku moja tu baada ya upasuaji wa matiti na kunyonywa mafuta, akiwa ameshatoka kwa daktari. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa moyo pia. Na karibu kabisa na Mara, Nairobi, Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta kwenye kliniki ya urembo, na baraza linalosimamia madaktari Kenya likaifunga kliniki hiyo.

Ukiziweka habari hizo tatu pamoja utaona jambo moja. Mtu hafi lazima mezani mbele ya daktari. Anaweza kufa baadaye, wakati wenzake wanadhani kazi imeisha.

Hatari ina ratiba yake

Hili ndilo la kukaririwa, kwa sababu ndilo linalomhusu mtu wa Mara kuliko mtu wa Masaki.

Dawa ya ganzi iliyochanganywa kwenye yale maji haiingii kwenye damu mara moja. Inaingia polepole na kufika kilele baada ya saa kama 12. Mtu aliyefanyiwa saa nne asubuhi, kilele chake ni saa nne usiku. Kama kipimo kilizidishwa, hapo ndipo midomo na ulimi vinakufa ganzi, masikio yanavuma, kizunguzungu kinaanza, na kikizidi ni degedege na moyo kupoteza mpangilio. Saa hiyo "jioni unatoka" ameshatoka zamani.

Utumbo uliotobolewa nao una ujanja wake. Siku ya kwanza maumivu yanafanana na maumivu ya kawaida ya laipo, maana mwili mzima unauma. Siku ya pili, ya tatu, tumbo linajaa, linakuwa gumu, homa inapanda, kutapika kunaanza. Anayedhani ni kawaida anameza panadol na kulala. Kila saa inayopita uchafu wa utumbo unasambaa ndani.

Damu iliyoganda ndiyo yenye subira kuliko zote. Inaweza kuja siku ya tatu, ya kumi, hata wiki ya tatu. Inapenda mtu aliyekaa bila kutembea, miguu imekunjwa, hajanywa maji. Kwa maneno mengine, inapenda abiria wa basi.

Sasa iwekwe hiyo ratiba juu ya ramani ya Mara. Mfano wa kufikirika tu, lakini kila mtu wa Musoma anaweza kuujaza majina. Mdada amechukua mkopo wa kikoba akisema ni wa mtaji wa vitenge. Nyumbani ameaga anakwenda Dar kufuata mzigo. Amefanyiwa Jumatatu. Jumatano, kwa kuwa hela ya kulala gesti imeisha na mume anapiga simu, anapanda basi: zaidi ya kilomita 1,200, usiku na mchana, mkanda wa kubana umemkaba tumbo, maji hanywi kwa sababu hataki kushuka kuchimba dawa kila saa. Bunda basi linasimama, anaona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake. Anajisemea ni safari ndefu. Musoma hataki kuonwa na alama za damu zilizovilia, kwa hiyo anapitiliza Butiama kwa bibi yake, apumzike wiki mbili "kwa sababu ya malaria".

Usiku wa pili pumzi inakata. Bibi anaita boda. Zahanati inampa rufaa, anafika hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa amechoka. Nesi anamuuliza: "Dada, umefanyiwa upasuaji wowote siku za karibuni?" Bibi amesimama pembeni, mjomba yuko mlangoni. Anajibu: "Hapana." Swali lingine: "Mimba?" Anajibu: "Hapana." Anaanza kutibiwa kama mtu wa nimonia.

Neno hilo moja, "hapana", ndilo hatari kubwa kuliko fimbo ya titani. Daktari anayejua kwamba huyu alinyonywa mafuta siku tano zilizopita anafikiria damu iliyoganda kabla ya kitu kingine, na kama ni tumbo anafikiria utumbo na kuita wapasuaji au kuandaa gari la kwenda Bugando, Mwanza, ambako ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Daktari asiyejua anaanza na malaria, taifodi, nimonia. Si mzembe, anafuata alichoambiwa. Saa zinazopotea hapo hazirudi.

Siri hiyo ametoa wapi?

Hakuizua. Ameifundishwa na wale wale aliowatazama kwenye simu. Staa anayesema "ni limao tu" haoni kama amemdhuru mtu. Anadhani analinda jina lake. Kumbe amefundisha mashabiki wake mambo mawili kwa pamoja: kwamba mwili huo unapatikana kirahisi, na kwamba aliyeupata kwa mashine anapaswa kuona aibu. La kwanza linamsukuma mdada kwenda. La pili linamfunga mdomo anaporudi.

Staa mwenyewe akizidiwa ana dereva, ana bima, ana daktari kwenye simu, na hospitali kubwa ziko dakika chache kutoka sebuleni kwake. Uongo wake una mto wa kuangukia. Uongo wa mdada wa Butiama unaangukia kwenye sakafu ya zahanati saa nane usiku.

Jamii nayo isijitoe kwenye lawama. Watu wa Mara wanajua kusema. Mwanamke akinenepa anaitwa pipa, akikonda anaitwa mgonjwa, akipungua kiuno ghafla anaulizwa kaponea kwa mganga gani. Kwenye kichen pati hakuna anayechungwa kama aliyebadilika mwili. Na wanaume, ambao vitambi vyao viliwahi kuhesabiwa kuwa dalili ya pesa na bado vinabebwa mbele kama ngoma, ndio wanaokomenti kwenye picha za mastaa kwamba "mwanamke ni kiuno" huku mke anasoma. Mazingira yakiwa hivyo, nani ataanika kwamba amenyonywa mafuta?

Na kuna jambo ambalo mkoa huu unalijua kuliko mingi. Mara imehangaika miaka na miaka na ukeketaji. Sheria ya 1998 imekataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, na bado nyumba salama za Butiama na Serengeti zinapokea wasichana wanaokimbia msimu ukifika. Vitu hivi viwili havilingani, na asitokee mtu wa kuvilinganisha: msichana wa ukeketaji hakuchagua, na mtu mzima anayelipia laipo amechagua mwenyewe. Lakini somo moja la vita ile linafaa hapa. Kilichowaua wasichana wengine baada ya kukatwa kilikuwa kimya, damu inatoka na watu wazima wanaogopa kumpeleka hospitali kwa sababu wataulizwa. Mkoa ulioona hilo haupaswi kukubali kimya kipya, hata kikija kimepakwa manukato.

Mwili ni wake, sawa

Kuna watakaosema: mwili wake, hela zake, nani amewauliza? Hoja hiyo ina nguvu na isidharauliwe. Mtu mzima ana haki ya kubadili mwili wake. Mama aliyezaa wanne hana deni la kubaki na tumbo ili kuwaridhisha wakosoaji. Huduma yenyewe si haramu wala si ya uchochoroni tu: Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuweka puto tumboni kwa ajili ya uzito mwishoni mwa 2022, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye upasuaji wa urembo. Serikali ikifanya, ina maana jambo hilo linaweza kuzungumzwa mchana kweupe.

Ila haki ya kuchagua inaenda na kujua unachokichagua. Na hapa kuna uongo mwingine wa kuondoa: laipo haipunguzi uzito wala haitibu sukari. Mafuta yanayonyonywa ni ya chini ya ngozi. Yale ya hatari, yanayozunguka utumbo na ini, bomba haliyagusi na halitakiwi kuyagusa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wanawake 15 wanene walionyonywa mafuta, kama kilo 10 kwa kila mmoja. Baada ya wiki 10 hadi 12 sukari, presha na mafuta ya kwenye damu vilikuwa pale pale. Utafiti mwingine wa 2011 ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja mafuta yaliyotolewa yalikuwa yamerudi, ila yamehamia sehemu nyingine, tumboni hasa. Kwa hiyo yule aliyekasirishwa na Profesa Mohamed Janabi alipokuwa akiongoza Muhimbili na kusema habari za wanga na vitambi, akadhani laipo itamwokoa na mahubiri yale, ajue mashine haijamwondolea mahubiri.

Anayetaka kwenda, aende macho wazi. Aulize jina kamili la daktari na kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Akienda Kenya aulize kwa baraza la huko. Aulize kama daktari huyo ni mpasuaji wa fani hiyo au ni daktari wa kawaida aliyehudhuria semina. Aulize nani atampa usingizi, na kama kuna oksijeni na chumba cha kulaza. Aulize yatatolewa mafuta lita ngapi. Zaidi ya lita 5 kwa mara moja madaktari wanahesabu ni nyingi, na mtu huyo anapaswa kulala hospitali akiangaliwa. Akiambiwa mafuta hayo yatahamishiwa kwenye makalio, ajue amehama daraja la hatari: mwaka 2018 vyama vya wapasuaji wa urembo vilitoa onyo kwamba kazi hiyo inaweza kuwa inaua mpaka mtu mmoja kwa kila 3,000.

Aseme ukweli wake pia: vidonge vya uzazi wa mpango, presha, sukari, sigara, damu iliyowahi kuganda kwake au kwa ndugu. Asipande basi la usiku kucha siku mbili baadaye. Hela ya kulala karibu na daktari wiki ya kwanza na kidogo zaidi ihesabiwe kuwa sehemu ya bei, na kama haipo basi bei haijatimia.

Na la mwisho ndilo la kwanza: awepo mtu mmoja anayejua. Dada, mume, jirani, mtu yeyote mwenye akili na mdomo mzito kwa umbea. Mtu huyo awe na karatasi yenye jina la daktari, tarehe, dawa zilizotumika na namba ya simu. Pumzi ikikata, kifua kikichoma, mguu mmoja ukivimba, tumbo likikaza na homa ikapanda, mtu huyo asingoje ruhusa ya mgonjwa. Aseme mbele ya nesi, hata kama bibi anasikia: "Huyu amenyonywa mafuta Jumatatu."

Bibi atashangaa, mjomba atakunja uso, na mtaa utaongea wiki nzima, labda mbili. Halafu Musoma itapata habari nyingine ya kuongea, kama inavyopata siku zote, na mdada atakuwa hai kuisikia.